Milimita za Monsieur Hervé

GRÉGOIRE: Haloo? Haloo? Ni nani?

JULIENNE: Ni mimi, Babu.

GRÉGOIRE: Mimi nani? Hapa Kasongo "mimi" ni wengi. Hata mbuzi wa jirani akigonga mulango anasema "ni mimi".

JULIENNE: Julienne.

GRÉGOIRE: Ah, bibi yangu wa Kabambare. Faida ya kuoa mujukuu ni hiyo, hakuna mutu anakudai mahari. Yambo, bibi. Umeamuka namna gani?

JULIENNE: Yambo, Babu. Niko.

GRÉGOIRE: "Niko" tu? Na "bwana yangu muzee" iko wapi leo?

JULIENNE: Réseau ya simu ni mubaya. Jogoo lako mbona silisikii? Siku zote linaniingilia kwa maneno.

GRÉGOIRE: Limesafiri.

JULIENNE: Jogoo?

GRÉGOIRE: Linatembelea ndugu zake. Ngoja nitafute bic ya kuandikia. [Anakohoa.] Bic iko hapa. Cahier, daftari yangu, iko hapa. Miwani… miwani iko kwa pua. Basi, sema. Mvua ya usiku ilitoa ngapi? Monsieur Hervé ananingojea. Jana amesema watu wa Kindu hawawezi hata kunywa chai kama chiffre, hesabu ya mvua ya Kabambare, haijafika.

JULIENNE: Milimita mia tatu makumi ine.

GRÉGOIRE: Mia tatu…

JULIENNE: Makumi ine.

GRÉGOIRE: Sawa. Nimeandika. Hiyo ni mvua. Hervé atafurahi sana, atasema huyu mwalimu wa Kabambare—

JULIENNE: Babu.

GRÉGOIRE: Naam.

JULIENNE: Mukebe una urefu gani?

GRÉGOIRE: Mukebe gani?

JULIENNE: Ule wa maziwa ya unga. Ule ulisema nikaombe kwa Mama Safia mwenye nyumba, niuweke inje, kila asubuhi nitie latte, rula ya darasani, ndani nione maji imefika wapi. Una santimita kumi na tano. Ni milimita mia moja makumi tano, halafu mukebe unaisha. Hizo zingine mia moja makumi tisa zilisimama wapi, Babu? Hewani?

GRÉGOIRE: Labda zilimwagika—

JULIENNE: Mvua ya mia tatu makumi ine, leo Kabambare yote ingekuwa ndani ya muto Lualaba. Kanisa, soko, biro ya territoire, na mimi juu ya kitanda napita mbele ya Nyangwe, wavuvi wananisalimia. Wewe ulipima mvua miaka makumi tatu na moja ku station ya kilimo. Na umesema "nimeandika".

[Simu inakwaruza.]

GRÉGOIRE: Réseau… hapa sikusikii vizuri—

JULIENNE: Unanisikia.

GRÉGOIRE: Nakusikia.

JULIENNE: Hervé ni nani?

GRÉGOIRE: Hervé ni agronome, fundi wa kilimo. Mutu murefu, ana kofia. Na kusema kweli nilikuwa naogopa kukuambia, lakini juma iliyopita alipanda mutumbwi kule Nyangwe na chiffre zako zote ndani ya mufuko, na katikati ya maji kiboko akatokea. Hakugusa mutu. Akakamata mufuko tu. Sasa wavuvi wanasema ule kiboko, asubuhi, mbele ya kutoka majini, anaangalia mawingu kwanza, halafu anatikisa kichwa, halafu—

JULIENNE: Jana nilienda kwa mukutano.

GRÉGOIRE: —halafu anarudia… Mukutano gani?

JULIENNE: Wa mbegu za muchele. Watu wa mradi walifika na pikipiki mbili. Wana agronome wao, wa kweli. Anaitwa Zakaria. Hana kofia… Uko?

GRÉGOIRE: Niko.

JULIENNE: Nilioga. Maji ya moto, na mafuta ya kujipaka, kila kitu. Nilivaa kikwembe changu cha Noeli. Juzi nilikaa mangaribi yote napiga mistari upya ndani ya cahier, tarehe na nyekundu, mvua na buluu. Asubuhi makumi ine na moja, Babu, hakuna hata moja imekosa. Nikaenda nikakaa mbele, pamoja na wazee wa mashamba. Akauliza nani ana neno. Nikasimama.

GRÉGOIRE: Ulisimama mbele ya watu wote?

JULIENNE: Usinikate. Nikasema, mimi ndiye observatrice, mupimaji wa mvua wa Kabambare, ninatuma chiffre kila asubuhi kwa Monsieur Hervé, nanyi mukitaka kujua kama ni wakati wa kupanda, iko hapa. Nikamupa na mikono miwili. Akafungua. Akaangalia page ya kwanza, akaangalia ya pili, akaenda mpaka ya mwisho. Halafu akasema pole pole, na heshima: "Mama, sisi hatuna mutu wa mvua hapa. Na Hervé simujui. Nani alikupa hii kazi?"

GRÉGOIRE: Ukasema nini?

JULIENNE: Ningesema nini? Nikasema, ni Babu yangu. Walicheka. Siyo kicheko cha ubaya, ungekuwa ubaya ningejua namna ya kujibu. Walicheka na huruma. Na mutu moja kule nyuma akasema, "Ah, ni yule mwalimu mwenye kulala." Kumbe nina jina. Mwalimu mwenye kulala.

GRÉGOIRE: Nani alisema vile? Nipe jina lake, nitamutumia—

JULIENNE: Kiboko?

[Grégoire anacheka kidogo. Anaacha.]

JULIENNE: Usicheke.

GRÉGOIRE: Sicheki.

JULIENNE: Mama Safia alijua?

GRÉGOIRE: Alijua kidogo.

JULIENNE: Kujua kidogo ni namna gani?

GRÉGOIRE: Nilimupigia simu. Nikasema mujukuu wangu atakuja kuomba mukebe, mupe, usimuulize. Akasema sawa.

JULIENNE: Kwa hiyo kila asubuhi natoka na latte na cahier kama mutu wa serikali, yeye anafagia kiwanja, ananiambia "yambo, madame wa mvua", na anajua.

GRÉGOIRE: Hakukucheka hata siku moja. Alinipi—

JULIENNE: Aliku-nini? Alikupigia kusema nimetoka ama sijatoka?

GRÉGOIRE: Mara mbili tu. Zile siku za malaria, ulichelewa kutoka.

JULIENNE: Haikuwa malaria. Unajua haikuwa.

GRÉGOIRE: Najua.

JULIENNE: Na unité za simu, za kila siku ya Mungu? Ulisema Hervé anatuma, ni za kazi.

GRÉGOIRE: Zilitoka kwa jogoo.

JULIENNE: Jogoo gani?

GRÉGOIRE: Lile lilisafiri. Na bibi zake wawili.

JULIENNE: Hiyo nayo unataka nikushukuru?

GRÉGOIRE: Hapana. Nasema tu zilitoka wapi.

JULIENNE: Chiffre zangu ulitupa?

GRÉGOIRE: Nani, mimi? Ziko hapa kwa magoti yangu.

JULIENNE: Soma.

GRÉGOIRE: Zote?

JULIENNE: Anza ya kwanza.

GRÉGOIRE: Tarehe tano, kumi na mbili, sauti iko chini ya… [Anakohoa.] Tarehe sita, sifuri.

JULIENNE: Rudia tarehe tano.

GRÉGOIRE: Kumi na mbili.

JULIENNE: Na ile ulimeza.

GRÉGOIRE: Hiyo ni mambo ya pembeni, bibi, ni—

JULIENNE: Usiniite bibi. Soma ya pembeni.

GRÉGOIRE: [pole pole] Tarehe tano, kumi na mbili. Sauti iko chini ya kitanda. Tarehe sita, sifuri. Sauti hakuna, "ndiyo" mbili tu. Tarehe tisa, nane. Amesema mboga ya sombe ya Mama Safia ina chumvi mingi. Tarehe kumi na moja, makumi tatu na tano. Amecheka, kidogo, mwisho mwisho. Tarehe kumi na mbili, sifuri. Amelia, alifikiri simu imekwisha kukatika.

JULIENNE: Basi.

GRÉGOIRE: Tarehe kumi na—

JULIENNE: Nimesema basi. Kumbe ulikuwa unanipima mimi.

GRÉGOIRE: Mimi ni mutu wa kupima. Sina ufundi mwingine.

JULIENNE: Unajua juu ya nini nilikuwa napenda kukuita kwa simu asubuhi? Watu wote wananiuliza umekula, umelala, umeomba Mungu. Wewe ulikuwa unaniuliza mvua. Nilikuwa nasema, kuna mutu moja katika hii dunia haniangalii kama mugonjwa, ananingojea kama mutu wa kazi. Moja. Na kumbe ndiye alikuwa na cahier ya ugonjwa.

GRÉGOIRE: Na hii chiffre ya leo nilijua ni ya uongo. Mia tatu makumi ine. Hata mutoto wa station angejua.

JULIENNE: Na ukanyamaza.

GRÉGOIRE: Nilifurahi. Nilisema, mutu mwenye kulazwa na roho hana nguvu ya kutega mutego. Akitega, basi mukono wake unainuka.

JULIENNE: Haukuinuka. Niko kwa kitanda, Babu. Réseau inafika kwa dirisha, na kitanda kiko kwa dirisha, sihitaji hata kukaa. Sikutoka. Sikuangalia mukebe wako. Ile chiffre nilikuambia nikiwa chini ya chandarua.

[Simu inakwaruza.]

GRÉGOIRE: Sikujua.

JULIENNE: Nilikuambia wewe peke yako namna iko. Mama sikumuambia, kanisani sikusema. Nilikuambia asubuhi mwili ni kama muhogo umelowa siku ine, ukiukamata unaachana mikononi. Infirmier alipima malaria, hakuna, akapima tifoidi, hakuna. Nikakuambia, Babu, siyo mwili, ni kwamba sina kitu cha kuamukia. Ukanipa kitu. Na mimi mupumbavu nikakishika. Na kitu chenyewe ni hewa. Afadhali ungeniacha nilale bila kitu. Sasa nimelala na haya juu yangu kama blanketi ya pili.

GRÉGOIRE: Na lundi, Jumatatu hii? Direkteri wa shule alisema mpaka lundi, kisha darasa lako la tatu anamupa mwingine.

JULIENNE: Lundi Hervé atafundisha.

GRÉGOIRE: Julienne.

JULIENNE: Sasa ni Julienne.

GRÉGOIRE: Umenikataza "bibi". Sikia. Unakumbuka mugongo wangu?

JULIENNE: Mugongo gani?

GRÉGOIRE: Ule mwaka wa pansio, wa kuacha kazi. Mulikuja wote Kasongo kunisalimia, nililala miezi ine.

JULIENNE: Ulisema gari, ile camion ya mapadri, ilizama ndani ya matope njia ya Kabambare, ukaitoa peke yako, na padri juu.

GRÉGOIRE: Na padri juu, ndiyo, na kinanda chake cha harmonium. Hapana. Mugongo ulikuwa muzima.

JULIENNE: Unasema nini?

GRÉGOIRE: Nilikuwa nimetoka station juma mbili tu. Nikaenda ku soko, nikanunua karanga. Mama mwenye kuuza akanifungia ndani ya karatasi, unajua namna wanakunja, kama pembe. Nikaanza kula nikitembea. Karatasi ikafunguka, nikaona chiffre. Avril, mwezi wa ine. Sita, sifuri, sifuri, makumi mbili na moja. Mwandiko ulikuwa wangu.

JULIENNE: Babu—

GRÉGOIRE: Nikarudi kwa yule mama. Alikuwa na gunia nzima. Miaka makumi tatu na moja, Julienne. Mimi nilikuwa najua karatasi zinapanda pikipiki, zinafika Kindu, kuna muzungu ama mutu mweusi mwenye miwani anazisoma, anasema "ah, Kasongo". Hazikutoka hata chumba cha nyuma. Walikuwa wanatafuta nafasi ya kuweka majembe, wakaziuza kwa kilo.

JULIENNE: Hii ni hadithi.

GRÉGOIRE: Ingekuwa hadithi ningetia kiboko. Nilikula zile karanga mpaka zikaisha. Sikujua namna ya kumurudishia. Nikaenda nyumbani, nikalala. Watu wakauliza ni nini, nikasema mugongo. Mugongo una heshima.

JULIENNE: Miezi ine.

GRÉGOIRE: Ingefika mwaka. Ni nyanya yako Olga. Kila asubuhi, toka jikoni: "Grégoire, ilinyesha ngapi? Nataka kujua kama niende kwa muchele ama nibaki." Nikamuambia niache. Kesho yake tena. "Grégoire, ngapi?" Nikaweka mukebe inje, nikawa natoka niangalie ili anyamaze.

JULIENNE: Nyanya hakujua milimita.

GRÉGOIRE: Olga alijua mvua kwa kidole cha muguu. Juma ya tatu ya kuniuliza nilimukuta anarudi toka shamba, jembe kwa bega, na mimi bado sijamuambia chiffre.

JULIENNE: Ukafanya nini?

GRÉGOIRE: Kasirani yako ni ya mutoto. Mimi nilivunja sahani. Nikamuambia, station walinicheka miaka makumi tatu na moja, na wewe unanicheka ndani ya nyumba yangu. Nikarudi kulala. Siku mbili.

JULIENNE: Na siku ya tatu akakubembeleza.

GRÉGOIRE: Olga? Hata. Siku ya tatu ilinyesha.

JULIENNE: Halafu?

GRÉGOIRE: Hakuna halafu. Mukebe ulikuwa inje. Sikuamuka sababu ya Olga, nilikuwa na kasirani na Olga, mpaka leo inabaki kidogo na amekwisha kufa. Nilifikiri tu kwamba maji iko mule ndani, na jua linapanda, na likishapanda hakuna mutu duniani atajua ilikuwa ngapi.

[Simu inakwaruza, inatulia.]

GRÉGOIRE: Haloo?

JULIENNE: Niko.

GRÉGOIRE: Nilifikiri umekatika.

JULIENNE: Hiyo ndiyo ulipashwa kuniambia.

GRÉGOIRE: Nini?

JULIENNE: Hiyo. Karanga. Siku ile nilikuambia sina kitu cha kuamukia, nilikuwa nalia, nilikuambia niko peke yangu kama mutu wa kwanza duniani kuugua hivi. Na wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa umeshapita mule. Mimi nilikupa kweli, Babu, na wewe ukanipa Hervé.

GRÉGOIRE: Nilikuwa na haya.

JULIENNE: Na mimi sikuwa na haya?

GRÉGOIRE: Ulikuwa nayo.

JULIENNE: Nilikuwa nayo na nikasema.

GRÉGOIRE: Ndiyo. Wewe ni mwanaume kunipita.

JULIENNE: Usinisifu. Simu inalia tii, unité zinaisha.

GRÉGOIRE: Nitatafuta zingine.

JULIENNE: Utauza nini sasa, mbuzi wa jirani? Hapana. Kesho usinipigie.

GRÉGOIRE: Sitapiga.

JULIENNE: Na kesho kutwa.

GRÉGOIRE: Hata kesho kutwa. Lakini lundi—

JULIENNE: Lundi sijui. Usinisukume na lundi. Nitafika kwa… Ngoja.

GRÉGOIRE: Ni nini?

JULIENNE: Mama Safia. Yuko kwa kiwanja. Anakamata mukebe.

GRÉGOIRE: Ni wake.

JULIENNE: Jana nilimuambia auchukue, apimie muchele wake ku soko, sitaki kuuona tena. Anaangalia ndani. Anauinamisha kidogo… Ilinyesha, Babu. Usiku. Nilisikia kwa mabati, sikulala hata, nilisikia yote mpaka mwisho—

GRÉGOIRE: Julienne, unité—

JULIENNE: Anataka kumwaga. Mama Safia. Mama Safia, ngoja. Acha, weka chini. Weka vile vile, usitikise—

[Kitanda kinalia. Mulango. Sauti za wanawake wawili, mbali.]

GRÉGOIRE: Haloo? Julienne? Bibi?

[Miguu inarudi. Mutu anahema.]

JULIENNE: Kumi na saba.

GRÉGOIRE: Nini?

JULIENNE: Milimita kumi na saba. Nimepima mara mbili. Siyo juu yako nimetoka. Sijakusamehe.

GRÉGOIRE: Nimesikia.

JULIENNE: Na miguu yangu iko na matope, na sijavaa hata sandale, na Mama Safia anacheka.

GRÉGOIRE: Anacheka namna gani?

JULIENNE: Kicheko cha ubaya. Afadhali. Na usimupe Hervé hiyo chiffre.

GRÉGOIRE: Hervé hayuko tena. Kiboko alirudia.

JULIENNE: Babu.

GRÉGOIRE: Naandika, naandika. Kumi na saba, na sauti iko—

JULIENNE: Andika mvua. Ile ya pembeni usi—

[Simu inakatika.]

GRÉGOIRE: Haloo? Haloo? [Bic inakwaruza karatasi, inasimama.] Kumi na saba. Basi.